Masurufu na Tunu

Hata leo, siku ya tatu tangu kadhia yenyewe itokee, masikio yangu yangali yakiwaka moto, na kila nipitapo langoni mwa nyumba yetu hujifanya nina jambo muhimu la kulitazama juu ya mwembe, kwa kuwa sina uso wa kukutana na uso wa bawabu. Maana Jumamosi iliyopita, saa nane za mchana, mbele ya watu tisa waliopanga mstari katika duka moja la hapa Hai Amarat, bawabu yule yule ambaye Alhamisi nilimnyima karadha kwa hoja ya kwamba masurufu ya nyumba hayana nafasi hata ya kupenya sindano, alinilipia aiskrimu. Na laiti ingekuwa aiskrimu! Alipoilipia ilikuwa imekwisha kuwa maziwa, yanachuruzika kutoka kona ya kopo na kuufuata ukingo wa meza ya malipo taratibu, kana kwamba yametumwa kuja kunihesabia fedheha tone kwa tone.

Kanuni iliyonifikisha hapo niliitunga mwenyewe, kwa hiyo sina wa kumlaumu. Kila mwanzo wa mwezi hukaa mezani na daftari la mistari, nikazigawa fedha za chakula katika bahasha tano: nne za juma kwa juma, za unga, mchele, mafuta, maharage na nyanya, na ya tano, nyembamba kuliko zote, niliyoiandika kwa wino wa kijani neno TUNU. Rai yangu, ambayo nimeihubiri hata mke wangu akaihifadhi kama mtoto wa chuoni, ni kwamba nyumba isiyojiruhusu anasa kabisa ni kama mtu anayezuia chafya: ya kwanza ataizuia, ya pili ataizuia, ya tatu itatoka na kuangusha vyombo, basi afadhali anasa ipewe siku yake, kiasi chake na bahasha yake, kwani anasa isiyoandikwa ni israfu, bali iliyoandikwa ni matumizi. Mwezi huu tunu ilipigiwa kura. Watoto wawili na mama yao walichagua aiskrimu, mimi nilichagua tende, na nikayapokea matokeo bila kinyongo, jambo ambalo katika mambo ya kura si la kawaida katika pande zetu hizi.

Kushika daftari la namna hii mjini Juba ni sawa na kupima kitambaa kwa kamba ya mpira. Sehemu kubwa ya tunachokula imekuja kwa lori kutoka Uganda, ikavuka mpaka pale Elegu na Nimule, kisha ikapanda kilomita 192 za barabara iliyotiwa lami kwa fedha za Wamarekani na kukamilika mwaka 2012, na njiani kila kizuizi kikachukua haki yake au kisichokuwa haki yake, hata nyanya inapofika soko la Konyo Konyo imekwisha kulipia safari kuliko abiria. Lakini lililonistaajabisha zaidi, na ambalo nimelichunguza asubuhi nyingi nikiwa na kikapu mkononi mpaka akina mama wa sokoni wakadhani nimetumwa na serikali, ni hili: bei ya fungu la nyanya hukaa siku nyingi haipandi. Linalopungua ni fungu. Juma la kwanza huwa nyanya tano, nne chini na moja juu. Pauni ikiteleza, mama wa genge haongezi bei, kwa sababu mteja akisikia bei mpya huondoka kwa hasira, bali huondoa nyanya moja ya chini, tena ile ya nyuma isiyoonekana, na kilele cha fungu kikabaki pale pale. Hatimaye unajikuta umelipa bei ile ile kwa nyanya tatu zilizosimamishwa kwa ustadi hata zikaonekana sita. Vivyo hivyo nafaka hupimwa kwa malwa, bati la kiasi cha kilo tatu na nusu, ambalo kwetu tungeliita binamu mkubwa wa pishi, na iko malwa iliyojazwa kwa kichuguu na iko iliyopanguswa kwa kiganja, na baina ya kichuguu na kiganja ndipo yanapopotelea masurufu ya nyumba yangu. Katika daftari langu nyanya hazijapanda bei hata kidogo. Katika sufuria, mchuzi umekuwa mweupe.

Basi Jumamosi nikatoka na bahasha ya tunu mfukoni, nina furaha ya mtu anayekwenda kufanya anasa kwa mujibu wa sheria. Wenyeji kwa Kiarabu chao huuita mtaa *hai*, na *amarat* ni majengo, ila sisi tuliolelewa na Kiswahili hulisikia jina hilo likituahidi uhai na uimara, na pengine ndiyo maana hupanga nyumba hapa bila kuuliza kwanza bei ya boza la maji. Joto lilikuwa lile la msimu wake, ambalo Machi 2024 liliifanya serikali ifunge shule nchi nzima kwa hofu ya nyuzi 45, na Februari iliyofuata zikafungwa tena baada ya wanafunzi kuzirai hapa hapa Juba. Nikalitoa kopo la lita mbili katika friji ya duka, nikalikumbatia kifuani kwa raha ya ubaridi wake, nikangoja zamu yangu, mashine ikasoma bei, risiti ikatoka, nami nikatoa noti ya dola 20.

Binti wa Kampala aliyekaa kwenye malipo akaigeuza mara moja tu.

"Mzee, hii haiendi."

"Haiendi wapi?"

"Haiendi tu."

Nilijua habari za noti za kichwa kidogo, zile za zamani ambazo Juba nzima huzikataa kama kuku wa kideri. Lakini yangu ilikuwa na kichwa kikubwa, safi, haijakunjwa, na dosari yake ya pekee ni kwamba pembeni iliandikwa 2001. Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo halikuwamo katika bajeti, nalo ni kutoa darsa. Nikamweleza binti yule kwamba noti ya dola si karatasi hata kidogo, ni pamba robo tatu na kitani robo moja, hivyo kwa nasaba iko karibu zaidi na shuka kuliko daftari. Kwamba mwaka ulioandikwa juu yake ni mwaka wa toleo, usiobadilika ila umbo la noti linapobadilika au waziri wa fedha anapokuja mwingine na saini yake, wala si lazima uwe ndio mwaka noti ilipochapwa. Na kwamba Marekani wenyewe, ambao nadhani wana usemi katika jambo hili, huzihesabu noti zao zote za tangu 1914 kuwa ni halali hadi leo. Nikaendelea, maana watu walikuwa kimya na mimi nilikidhani kimya kile ni cha wanafunzi, nikawaonyesha ajabu ya pili ya mji huu, ya kwamba noti tano za dola 20 hubadilishwa kwa kiwango cha chini kuliko noti moja ya dola 100, hesabu ambayo lau ningeiandika ubaoni katika darasa la tatu, mwalimu wangu angenichapa na kumwita baba yangu. Nilipotaja ile barabara ya Nimule, kwamba sina shaka makandarasi wake hawakulipwa kwa noti yangu, mtu mmoja nyuma alicheka. Nikageuka kwa shukrani. Alikuwa akitazama meza.

Nikaomba kopo lirudishwe kwenye friji. Nikaambiwa kilichokwisha kusomwa na mashine ni changu. Nikaomba risiti ifutwe. Nikaambiwa mwenye ufunguo wa kufuta amekwenda benki. Nikatoka mbio hadi chini ya mwarobaini wanakokaa wabadili fedha juu ya viti vya plastiki, na mafurushi ya pauni yamefungwa mipira miguuni mwao kama matofali, na mmoja wao akaichukua noti yangu, akaielekeza juani, akaipapasa kwa kidole gumba kama daktari apimaye tumbo la mtoto, akanipa bei ya nusu. Nusu! Nikakataa kwa ajili ya msimamo. Sasa najua kwamba msimamo ni kitu kizuri kwa mtu ambaye aiskrimu yake iko baridi.

Niliporudi dukani bawabu alikuwa amekwisha fika, ametumwa na mke wangu aje atazame kama nimepatwa na msiba. Ni mtu mzima kunipita, na Kiswahili chake alikipata Kakuma, katika kambi ya wakimbizi ya Kenya, miaka ya ujana wake. Hakuuliza neno. Alivua kiatu, akatoa furushi katika soksi, akaanza kuhesabu juu ya meza, akiziepusha noti na ule mto wa maziwa: wahid, tinin, talata, huku midomo ya wale tisa ikihesabu pamoja naye. Alipomaliza akanigeukia akasema, "Maalish, ustaz," kwa upole ambao ungenitosha hata kama asingelipa.

Ningependa kadhia hii iishie hapo, ikiwa kichekesho. Lakini tulipokuwa tukirudi, yeye amelishika kopo kwa mikono miwili mbali na shati lake, nilimuuliza fedha alizipata wapi, maadamu Alhamisi alikuwa hana, akasema amekopa asubuhi kwa mama muuza chai wa kona, kwa ajili ya malwa mbili za unga. Kwa maneno mengine, tunu yangu ililipiwa na muuza chai kwa dhamana ya chakula cha watoto wa bawabu. Na mshahara wake, ambao mimi ndiye niliyeuandika katika daftari lile lile mwanzoni mwa 2023 kwa hati nzuri, niliuandika kwa pauni, wakati dola moja haijafika pauni 1,000. Leo dola ni pauni elfu kadhaa, na katika miezi yote hiyo mimi, ambaye hulipwa kwa dola, nimeuona mstari wake umetulia mahali pake nikausifu kwa nidhamu, kama nilivyozisifu nyanya. Ilikuwa nyanya ya chini, ile ya nyuma.

Nchi hii ilipozindua pauni yake Julai 2011, noti ya 100 yenye picha ya John Garang ilikuwa na thamani ya zaidi ya dola 30. Leo Garang yule yule, kwa uso ule ule wa heshima, hafikii senti 10. Desemba 2015 benki kuu iliiachia pauni ielee, ikashuka kwa siku moja kutoka karibu tatu hadi zaidi ya 18 kwa dola. Februari 2024 bomba la mafuta likapasuka katika vita vya jirani zetu wa Sudan, na watumishi wa serikali wakakaa miezi na miezi bila mshahara. Katika hayo yote sijasikia kwamba wabadili fedha wa chini ya mwarobaini wamelala njaa, wala wanaokaa kwenye vizuizi vya Nimule, wala, nisijitoe, mimi. Anayeambiwa ajifunze kubana matumizi ni yule anayeweka fedha katika soksi, ambaye nina hakika angeweza kuzisomesha bahasha zangu zote tano.

Masaibu mengine ya mwezi huu hayahitaji maelezo. Gunia la vitunguu nililolinunua kwa ajili ya iktisadi limeota majani. Mayai trei moja niliyoyapakata juu ya bodaboda yalifika, kwa maana fulani. Na maembe, ambayo nilikuwa nikiyanunua kwa bei ya anasa, yamegunduliwa na watoto kuwa huanguka bure uani kwetu kila usiku.

Aiskrimu waliinywa kwa vikombe, wakasema haijapata kutokea tamu kama hiyo. Deni la bawabu nimelipa siku ile ile, na mshahara wake sasa unahesabiwa kwa dola, kwa amri ya mke wangu, ambaye hakupiga kura juu ya hilo wala hakuniuliza. Bahasha ya tunu ninayo, na noti imo ndani yake: dola 20, toleo la 2001, kichwa kikubwa, haina kunyanzi wala doa. Ikiwa yuko miongoni mwenu anayesafiri kwenda Marekani hivi karibuni, tafadhali apite Hai Amarat. Namuuzia kwa 18.