Kiti na Benchi

(Korido ya ofisi za kaunti moja ya Pwani, Ijumaa alasiri. Kiyoyozi kimekufa, kwa hiyo mlango wa idara ya mazingira umeachwa wazi.)

BENCHI: Mwanangu Kiti, mbona walia kri-kri tangu asubuhi?

KITI: Shikamoo mzee. Karejea yule.

BENCHI: Marahaba. Yupi? Huko kwako hupita wengi.

KITI: Aliyekuwa waziri wetu wa mazingira hapa kaunti. Machi aliacha kazi, akasema anataka kupumzika na familia. Kapumzika miezi mitatu. Nimemtambua kabla sijauona uso wake: huegemea kushoto, na hili gurudumu langu lililofungwa utepe ni kazi yake.

BENCHI: Kumbe ndiye! Kapita hapa saa tatu. Huyu mama mwenye bahasha ya kaki, anayengojea leseni ya kibanda chake cha mahamri, alisogea ampishe. Bwana akamwambia, "Kaa tu mama, mimi si mgeni."

KITI: Hakusema uongo. Sasa ni mshauri mwelekezi wa idara.

BENCHI: Cheo hicho sikijui, nami niko hapa tangu enzi za manispaa.

KITI: Kilizaliwa Februari, hapa hapa juu yangu. Mwenyewe aliandika sifa za mtu anayetakiwa: awe amewahi kuongoza idara ya mazingira ya kaunti, awe anazijua lori zetu, awe mkazi wa hapa. Ilibaki kutaja saizi ya kiatu.

BENCHI: Na sheria je? Mawakili huketi kwangu wakaisoma kwa sauti. Sheria ya Uongozi na Uadilifu ya mwaka 2012, kifungu cha 27: afisa akiahidiwa kazi ya baadaye inayoweza kugongana na wajibu wake, aitangaze kwa maandishi, kwa ofisi yake na kwa Tume ya Maadili.

KITI: Aliandika.

BENCHI: Alitangaza?

KITI: Aliandika barua ya kuomba kazi.

BENCHI: Basi kifungu cha 28. Akishatoka, asimfanyie kazi mtu wala taasisi katika jambo alilolishughulikia akiwa madarakani, hadi ipite miaka miwili.

KITI: Hapo ndipo alipokaa na mwanasheria leo hadi adhuhuri. Miaka miwili hawakuigusa, tarakimu ni ngumu kubishana nayo. Walishughulika na neno "jambo". Zamani jambo lilikuwa uzoaji wa taka. Sasa ni "usimamizi endelevu wa mabaki magumu".

BENCHI: Lori zimebadilika?

KITI: Ni zile zile. Hata ile inayochuruzika maji meusi mpaka mlangoni pa soko.

BENCHI: Sisemi zamani tulikuwa na malaika. Diwani akishindwa kura, mwezi wa pili namwona hapa anafuatilia zabuni ya mitaro. Lakini angalau alimtanguliza shemeji yake.

FENI (kutoka darini): Mimi nazunguka mwaka wa kumi, sijapata hata cheo.

KITI: Wewe huna uzoefu wa lori.

BENCHI: Nawe Kiti usijifanye msafi. Ulinunuliwa bei gani?

KITI: Mzee, yasikufike hayo. Lakini afadhali mimi kuliko wilbaro zilizonunuliwa na kaunti ya Bungoma mwaka 2015. Shilingi 109,000 moja, na haina hata pa kuegemea!

BENCHI: Na Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti? Si ndiyo inayoajiri? Haikuuliza neno?

KITI: Wajumbe wa bodi hukaa miaka sita tu, muda wao hauongezwi. Wa hawa unakwisha mwakani.

BENCHI: Kwa hiyo?

KITI: Kwa hiyo mmoja wao alikuja juzi, akafunga mlango, akaulizia ushauri elekezi unalipaje.

(Kimya. Feni inazunguka. Saa kumi na moja tarishi anakusanya vikombe vya chai. Mshauri anatoka wa mwisho na kufunga mlango kwa ufunguo wake mwenyewe, ule ambao Machi hakuurudisha. Mama mwenye bahasha ameambiwa arudi Jumatatu.)