Kopo la Heshima

Nawapongeza vijana wetu wa Mbulumbulu kwa kutuletea kriatini, ule unga wa misuli. Kopo linasema hushusha sukari ya damu, na kopo lenye picha ya misuli kama ile haliwezi kudanganya. Wenye wivu watakutajia jaribio la Brazili la 2011: gramu 5 kwa siku, wiki 12, nafuu ikaonekana kwa wagonjwa wa kisukari waliokuwa wakifanya mazoezi. Mazoezi ya nini, ndugu zangu, wakati bodaboda inatufikisha hadi ukingoni mwa shamba la ngano?

Ile aina ya kriatini iitwayo monohaidreti, iliyochunguzwa kuliko zote, tumewaachia wanyonge. Bei yake ni ya chini hadi haina adabu. Sisi ni kriatini hidrokloridi. Na kwa kuwa tumeambiwa sukari huisukuma kriatini ndani ya msuli, tunaikoroga kwenye soda, ili ishushe sukari vizuri zaidi.

Namhurumia Filbert Bayi, mzaliwa wa hapa hapa Karatu. Mwaka 1974, kule Christchurch, alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500, karibu miaka 20 kabla makopo ya kriatini hayajaingia sokoni. Hatutajua kamwe angefika wapi.