Muulize Mjomba: Nani Kakuomba Ushauri?

*Shikamoo Mjomba. Niko New York. Juzi nilikuwa Washington Square natazama wazee wakicheza sataranji, nikamwambia mmoja aokoe farasi wake. Bila hata kuinua macho, akaniambia niache ku-kibitz. Nimetukanwa?*
*— Mtazamaji*

Marahaba, mpwa wangu. Umetukanwa, ila kwa upole, na ulijitakia. Kitenzi hicho Wamarekani wamekirithi kwa Wayahudi waliohamia kutoka Ulaya Mashariki na Kiyidi chao. Asili yake ni Ujerumani, ambako Kiebitz ni ndege mwenye kishungi na makelele. Wacheza karata wa huko walimpa jina hilo mtu anayesimama nyuma ya viti vya wenzake akichungulia karata zisizo zake. Mwaka 1929 watu walilipa kiingilio Broadway kumtazama mtu wa aina yako katika tamthilia ya The Kibitzer, iliyoandikwa na Jo Swerling na Edward G. Robinson, na Robinson mwenyewe akaicheza.

Usijilinganishe na mwenye kuchokonoa kufuli au kupekua barua za watu. Hao wana vitenzi vyao, vikali zaidi. Wewe kosa lako ni kuwa na maoni mengi na huna hata senti mezani. Mzee akifungwa, unakwenda zako kula. Akishinda, utajisifu wiki nzima. Asikuchukie kwa nini?

Ila siku hizi kitenzi hicho hicho ni kupiga soga pia. Ukialikwa kahawa ili m-kibitz kidogo, nenda. Usianze kujitetea mlangoni.

*Mjomba, kijiweni kwetu Temeke kuna jirani hachezi drafti, hanunui kahawa, lakini kila nikigusa kete anaguna. Hasemi kitu. Anaguna tu! Nimfanyeje?*
*— Kete Nyeusi*

Mguno ni ushauri, tena ule usio na ushahidi. Kanuni za FIDE, shirikisho la sataranji la kimataifa, zinawakataza watazamaji kuingilia mchezo. Hata ukiona kosa, wa kuambiwa ni mwamuzi peke yake. Lakini hizo ni za sataranji, na kijiwe chenu hakina mwamuzi zaidi ya muuza kahawa. Basi mpishe kiti: "Karibu bwana, atakayefungwa anawalipia wote." Kuna uwezekano mkubwa akakumbuka ghafla kwamba ana mgonjwa wa kwenda kumjulia hali. Akikaa na akakufunga, mwache agune. Ana haki.

*Mjomba shikamoo. Mama mkwe akinikuta napika mchuzi hafunui mdomo, anafunua sufuria na kutia chumvi. Hiyo nayo ni kibitz?*
*— Mwali*

Marahaba. Hapana, mwanangu. Anayekibitz anaishia kwenye maneno. Huyo kashika kete na kucheza zamu yako. Ningekushauri zaidi, lakini mama mkwe wako naye kaniandikia, na barua yake ni ndefu kuliko yako.