Kulipia Miguu Yangu Mwenyewe

Huku kwetu Yanonge, mtu akionekana anatembea kwa miguu mchana kutwa, watu humuuliza kwa upole: kuna msiba, au pikipiki imekufa? Jibu la tatu, kwamba huenda amelipa ili atembee, halijawahi kumjia mtu kichwani.

Mimi nimelipa. Nimelipa kwa pesa, kwa visigino, na kwa jozi ya viatu vya harusi nilivyovaa kwa sababu niliambiwa kutakuwa na picha.

Chanzo ni mtoto wa dada yangu. Amezaliwa Ubelgiji, ana miaka ishirini na miwili, na begi lake lina mikanda ya kufunga kifuani kana kwamba wakati wowote ataruka kutoka kwenye ndege. Ananiita Noko, kama inavyompasa mtoto kumwita kaka wa mama yake. Alikuja likizo na shida moja tu: anataka kuiona mitaa ya kale ya Kisangani, kwa miguu, akiongozwa na gidi. Nikamwambia, mwanangu, Kisangani naijua kabla hujazaliwa, nitakuzungusha bure. Akasema: "Noko, wewe utanionyesha mahali pa kununua misumari." Ni kweli. Lakini hiyo ndiyo Kisangani yenyewe.

Kutoka Yanonge hadi mjini ni kilomita kama 60 kwa ukingo wa kushoto wa mto, na barabara unaijua kwa kiuno. Tulipanda pikipiki moja watu watatu, na begi likawa la nne. Ukifika Lubunga bado hujafika, maana kati ya komini sita za mji, Lubunga peke yake iko upande wetu. Mji uliobaki unakutazama kutoka ng'ambo. Basi pirogi. Nilipokanyaga Makiso, komini ya ng'ambo ile, nilikuwa nimekwisha kutembezwa tayari. Kumbe ndiyo tulikuwa tunaanza.

Gidi alikuwa kijana wa heshima, kofia safi, daftari kwapani. "Karibu Boyoma, papa," yaani Kisangani. Karibu! Mimi! Nimeshusha mikungu ya makemba kwenye ukingo huu kabla mama yake hajaolewa.

Akaanza na jina. Desemba 1883 Stanley aliweka kituo chake kisiwani, karibu na maporomoko, na waliosema Kiswahili waliita mahali hapo Kisangani, yaani kwenye kisanga, kwenye kisiwa. Wabelgiji wakaandika Stanleyville. Mwaka 1966 serikali ikaandika Kisangani. Mpwa wangu naye akaandika. Nikamnong'oneza kwamba watu wa pwani ukiwaambia umeingia kisangani hawakuulizi habari za kisiwa, wanakupa pole. "Maana ipi ndiyo sahihi, Noko?" Nikamwambia asubiri jua lifike utosini.

Hapa wasomaji wa Dar na Mombasa wanivumilie kidogo. Huku Kongo, Wabelgiji tumewabandika jina la banoko, wajomba. Gidi alilitumia bila hiana. Mbele ya kanisa kuu la Notre-Dame du Rosaire, linaloutazama mto, akasema: "Hili walijenga banoko." Mpwa akageuka kunitazama. Tukapita maghala: ya banoko. Nyumba za baraza ndefu zilizoota ukungu: za banoko. Kufikia jengo la tano mpwa alikuwa ananiheshimu kuliko siku zote za maisha yake. Kisha gidi akaingia kwenye mpira wa Leopold wa Pili, viboko, mikono iliyokatwa, "hayo yote banoko." Mpwa alinitazama jicho ambalo hata mama yake hajawahi kunitazama, na mama yake nilimpotezea mbuzi wa mahari.

Ilibidi nisimamishe msafara nijitetee.

Na gidi huyu alikuwa na maneno! Sisi watu wa kando ya mto tuna lokole, gogo lililochimbwa ndani, lenye sauti mbili, ya juu na ya chini. Maneno mengi hugongana kwa sauti hizo, kwa hiyo mpigaji hulirefusha neno moja liwe fungu zima la maneno ili msikilizaji wa kijiji cha pili asichanganye mwezi na kuku. Mmisionari mmoja wa Yakusu, John Carrington, alijifunza lugha hiyo ya ngoma akaiandikia kitabu kilichotoka 1949. Angemkuta gidi wetu, angeongeza sura. Neno "mti" kwake lilichukua dakika sita. Lakini juu ya lokole yenyewe hakusema kitu. Alisifu telegrafu.

Wakati wote huo watu wa toleka wanapita. Toleka ni baiskeli ya kubeba abiria, ina kiti cha nyuma chenye godoro dogo, na jina lake kwa Kilingala ni "tupite". "Papa, toleka?" Kengele. "Papa, toleka?" Mmoja alipunguza mwendo akanifuata pole pole kama fisi anayefuata mbuzi mgonjwa. Nikamtazama mpwa. Mpwa akasema tukipanda hatutaona kitu. Nikamwambia nimekwisha ona.

Kwenye habari za posta nilinyamaza kidogo, kwa sababu hapo hata mimi nasikiliza. Patrice Lumumba alikuwa karani wa posta mji huu. Mwaka 1956 alifungwa kwa fedha za posta; Oktoba 1959 alirudi na chama chake kwenye mkutano, mji ukawaka, akakamatwa tena, na miezi michache baadaye wakamtoa gerezani kumpeleka Brussels kuzungumzia uhuru. Juni 2022 alirudi mara ya mwisho, jino moja ndani ya jeneza, na mji ukatoka kulipokea. Gidi alitaka kueleza zaidi, lakini mama mmoja muuza kwanga, mkate wetu wa muhogo, alimkatiza, akamsahihisha mambo mawili, akamuuzia mpwa kwanga tatu, akamaliza. Hakudai dola.

Halafu zikaja hadithi za wageni mashuhuri, na hapo ndipo roho ilipoanza kunichemka. Joseph Conrad alifika kwa stima mwaka 1890, akaumwa, akaondoka, akaandika kitabu. Mwaka 1951 wakaja Katharine Hepburn na Humphrey Bogart kupiga filamu ya The African Queen kwenye mto Ruiki. Inasimuliwa kwamba kundi zima liliharisha isipokuwa Bogart na mwongozaji wake John Huston, kwa kuwa wawili hao maji hawakuyagusa, walikunywa wiski. Mpwa akacheka, akaandika. Nikauliza swali, mkono juu kama mwanafunzi: hiyo stima ya Conrad ilipanda kutoka wapi? "Kinshasa, papa." Ikapita wapi? Kimya. Ikapita Yanonge! Kila stima iliyowahi kufika mji huu kutoka chini imepita mbele ya kijiji chetu, na babu zetu wakaitazama, pengine wakaipungia mkono. Hakuna kitabu. Hakuna bango. Gidi akaniambia kwa adabu kwamba Yanonge haimo kwenye programu.

Mbele kidogo mpwa alitoa simu apige picha ya mto. Bwana mmoja alitokea nyuma ya mwembe, kana kwamba mwembe ndio uliomzaa, akauliza hati ya kupiga picha. Ofisi yake siitaji. Mto huo umekuwa hapo bila hati tangu Mungu auweke. Tulizungumza, tukataja maharage ya watoto, kama tunavyoiita rushwa ndogo, watoto wakapata maharage, na mto ukaruhusiwa kuonekana.

Kuna sehemu moja gidi hakusema sana. Tulipita ukuta wenye matundu, akaonyesha kwa kidevu tu: "Siku sita." Juni 2000, jeshi la Rwanda na jeshi la Uganda walipigana ndani ya mji huu, wageni kwa wageni, na makombora yakaangukia wenyeji kwa maelfu. Mimi nilikuwa nimeleta mchele. Nililala chini ya kitanda cha rafiki yangu, watu tisa na mbuzi mmoja, na hadi leo siwezi kusema nani alinuka zaidi. Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua Uganda iilipe Kongo dola milioni 325. Mbuzi yule hakuhesabiwa. Mpwa hakuandika. Alinishika mkono, akauachia tulipofika kwenye tope.

Komini ya Kisangani, iliyo juu ya mto karibu na maporomoko, ndiyo iliyonirudishia pumzi, kwa sababu kuna kivuli na kuna msikiti na wazee wameketi wanavyoketi watu wenye akili. Hapa ndipo kwa Waungwana, waliokuja na kina Tippu Tip, na ndio waliotuachia Kingwana, Kiswahili hiki ninachonung'unikia. Mwaka 1887 Leopold alimfanya Tippu Tip kuwa liwali wa Stanley Falls, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Mtu mwenye pembe za ndovu na watumwa wasio na idadi, leo anasaini kwa pauni 30! Mzee mmoja akasema bila kuinua kichwa: "Na sidhani kama aliuona mwaka wa pili." Kwa mara ya kwanza siku ile nilijisikia niko nyumbani.

Tulimalizia kwa Wagenia, wavuvi wa maporomoko. Wanasimika magogo katikati ya maji yanayochemka, wanayafunga kwa kamba za msituni, na kuning'iniza mitego mikubwa ya fito yenye umbo la faneli. Samaki anaingia kwa kusukumwa na maji, hawezi kurudi. Nilimwelewa samaki huyo vizuri sana.

Kisha hesabu. Dola 15 kwa kichwa, vichwa viwili. "Na mimi pia?" Nami pia, papa, si umetembea? Mpwa akatoa 10, akasema zilizobaki ni za Noko, na kwa mila yetu mjomba akiombwa na mtoto wa dada hana pa kukimbilia. Nikavua kiatu, maana ndimo zinamokaa, nikatoa noti ya 20.

Gidi aliishika kwa vidole viwili, akaigeuza, akaiinulia jua. Akatafuta mpasuko kwenye kona, akaupata. Akatazama uso wa yule rais.

"Papa, hii ni ya kichwa kidogo. Ni ya 1995. Ya zamani, hatupokei."

"Kijana," nikamwambia, "tangu asubuhi unaniuzia 1883."