Kokoto Shingoni

Kwetu Misungwi mgeni akifika huvua viatu mlangoni. Ni adabu, na mimi mwenyewe nimewafokea watoto miaka mingi kwa ajili ya adabu hiyo. Siku hizi nimenyamaza. Usiku mmoja nilitoka kwenda kunywa maji, nikakanyaga shanga 6 kwa mpigo. Maneno niliyoyatoa, mke wangu anasema hayaandikiki gazetini.

Chanzo ni binti yetu, kitinda mimba. Amemaliza chuo, ajira hakuna, akajifungia na simu yake siku mbili, akatoka na mpango wa kutengeneza vidani vya shanga na mawe hapa hapa nyumbani. "Baba, ni kazi rahisi tu." Neno "rahisi" limeshanigharimu banda la kuku na shamba la matikiti. Shanga zikaletwa kutoka Mwanza mjini, zikatengwa rangi kwa rangi kwenye sahani zetu za wali. Sindano zikahamia kwenye kochi. Siku ya pili uzi wa pamba ukakatika, kidani cha kwanza kikamwagikia kwenye bakuli la mlenda, tukala kwa tahadhari kama watu wanaokula sato mwenye miiba.

Mama yake ndiye aliyeshauri mshipi wa kuvulia. Shemeji yangu anavua Kigongo, na mshipi wake ulikuwa umehifadhiwa kwetu. Nailoni haiozi kwa jasho, ila fundo lake huteleza. Basi unafunga mara mbili, unachoma ncha kwa kiberiti mpaka iyeyuke na kuwa kidonge kidogo kinachozuia fundo lisifunguke. Hapo nakiri kuna akili. Shemeji alipokuja kuulizia mshipi wake alikuta umeshavaliwa na nusu ya kwaya.

Ningekaa kimya na redio yangu. Lakini binti akasema kuna mteja anataka jiwe katikati ya kidani, na mawe yaliyotobolewa yanauzwa ghali. Jiwe linunuliwe? Mkoa wa Mwanza, ambako ukitafuta jiwe usilione ujue umelikalia? Nikasema niachieni mimi.

Nikaokota kijiwe cheupe ufukweni Kigongo, karibu na lile daraja la kilomita 3 lililozinduliwa Juni 2025. Nikaziangalia zile nguzo zilizochimbiwa chini ya ziwa, nikajiambia, kama wajenzi wale wameweza, mimi nitashindwa na kitu cha ukubwa wa haragwe? Nikaanza na msumari wa inchi 4 na nyundo. Jiwe likaruka, likampiga jogoo. Nikaazima drili kwa fundi seremala. Dakika 10 za kelele na harufu ya kuungua, kisha nikaona alama nyeusi inayong'aa juu ya jiwe. Nikapiga vigelegele, kazi ya wanawake, lakini nilikuwa peke yangu. Fundi akaja, akalifuta jiwe kwa kidole. "Mzee, hili si tundu. Hiki ni chuma cha drili yangu, umekisaga chote juu ya jiwe."

Kumbe kijiwe kile ni kwatsi. Kwenye kipimo cha ugumu cha 1 hadi 10, kwatsi ni 7, na msumari haufiki 6. Kwatsi hutobolewa kwa ncha iliyopakwa vumbi la almasi, polepole, ndani ya maji, jiwe lisipate moto likapasuka.

Almasi! Mabuki iko wilaya hii hii ya Misungwi, na almasi ilichimbwa huko miaka ya 1920, kabla mwanajiolojia Williamson hajaipata Mwadui mwaka 1940. Mwadui ndiko ilikotoka ile ya waridi ya karati 54.5, mwaka 1947, akapewa Binti Mfalme Elizabeth kwa ajili ya harusi yake. Ilikatwa London. Na mimi, jirani wa Mabuki, ncha ya almasi naambiwa niagize Kariakoo, imetoka China.

Nikagoma. Nikaenda kwa fundi wa kuwaindi mota, akaniuzia waya wa shaba, nikalizungushia jiwe kama mtu anayefunga mzigo wa kuni. Halihitaji tundu wala almasi. Waya ule huja na vanishi. Nikaiona inaficha uzuri wa shaba, nikaikwangua kwa msasa mpaka ukawaka. Binti akasema kijaribiwe kwanza kwenye jasho. Nikajitolea shingo, nikakivaa chini ya shati, nikashinda shambani kwenye mpunga. Jioni navua shati, shemeji anafika na salamu ya jioni. "Mwadila!" Kisha akasahau kilichomleta. Shingo yangu ilikuwa na pete ya kijani mzunguko mzima. Shaba ikikutana na jasho hutoa ukijani, na vanishi niliyoikwangua ndiyo iliyokuwa kinga. Nimesugua kwa sabuni ya mche siku 3.

Jiwe limeuzwa, na waya mpya usiokwanguliwa. Shanga nyekundu na za buluu zimekwisha. Za njano hakuna anayezitaka, hata kwa bure. Mama watoto anacheka, anasema mwanawe angeuliza kwanza wateja wanapenda rangi gani. Hata misafara iliyopita Usukuma karne ya 19 ilibeba shanga kama fedha, na rangi ambayo wenyeji wa mahali hawakuipenda haikununua hata yai.

Hizo za njano ndizo zilizotapakaa sakafuni. Mapato ya nyekundu na buluu sijaonyeshwa. Ukipita Misungwi, msomaji wangu, karibu nyumbani, chai ipo. Ila viatu usivue.