Aina za Laini Zipatikanazo Ronge

Milima ya Taita imezoea kuchunguzwa. Wataalamu hutoka Helsinki mpaka Wundanyi, ambako chuo kikuu chao kina kituo cha utafiti, na wengine hutoka kwingine. Wanahesabu ndege, wanapima miti, na kiumbe kisichopatikana penginepo duniani wanakipa jina la Kilatini lenye Taita ndani yake. Hata kipande chetu cha msitu wa Ronge kimo katika orodha zao. Ila katika pitapita hiyo yote hakuna aliyemchunguza mgeni mmoja aliyeota hapa kuushinda mkaratusi: neno laini. Pengo hilo la kitaaluma nitaliziba mimi, bila ufadhili.

Kwanza tuondoe utata. Kiswahili kina laini mbili. Ya kale ilitoka kwa Waarabu na huhusu kisicho kigumu wala kukwaruza: unga laini, ngozi laini, sauti laini ya jirani aliyekuja kukopa. Ya pili ilitoka kwa Waingereza, na kwao ni mstari, kitu kilichonyooka. Hizi si ndugu, ni wapangaji wawili waliopewa ufunguo mmoja. Balaa ni kwamba laini ya Mwingereza ililetwa kuishi mahali pasiponyooka kitu. Toka Ronge Nyika upande Ronge Juu uone: barabara inajikunja, makinga-maji ya mashamba yanafuata mgongo wa mlima, na mtu akikwambia ni hapo mbele tu, hesabu mabonde mawili.

Jamii ya kwanza ni laini ya chuma. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Ziwa Viktoria 1901, na Voi ikapata stesheni yake njiani. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka, Wajerumani wakawa wanavuka mpaka kuja kuilipua reli hiyo. Mwaka 1915 Waingereza wakaanza kutandika tawi kutoka Voi kupitia Mwatate hadi Maktau, baadaye likaendelea Taveta na Moshi. Kwa hiyo laini ya kwanza kupita chini ya milima yetu haikuja kuchukua abiria wala nyanya zetu. Ilikuja kupeleka askari na mizinga. Leo Voi ina laini mbili, ya zamani yenye upana wa mita moja na ya SGR ya mwaka 2017 yenye milimita 1,435. Mzee akikwambia alifanya kazi laini miaka mingi, usikimbilie kuandika reli. Muulize kwanza.

Huenda alikuwa Mwatate, kwenye mkonge. Hapa ndipo neno lilipozaa sana. Nyumba za wafanyakazi wa mashamba zilijengwa kwa safu, safu ikaitwa laini, na laini ikapata jiko, kuku na majirani wa kugombana nao. Watu wakazaliwa laini. (Nairobi walikwenda mbali zaidi: Laini Saba ya Kibera ni mtaa mzima, wenye wakazi wengi kuliko miji kadhaa.) Mkonge nao hupandwa kwa laini. Basi mfanyakazi hutoka laini alfajiri, akakata majani laini kwa laini, na mwisho wa mwezi akapanga laini apokee mshahara. Siku hizi mshahara unaingia kwenye laini. Katika maisha yake yote kitu kisichokuwa laini ni mkonge wenyewe. Mwulize aliyewahi kudungwa na mwiba wake.

Laini ya kupanga, ambayo wenye lugha safi huiita foleni, ilipata umaarufu mwaka 1988, wapigakura wa Kenya walipotakiwa kujipanga nyuma ya wagombea wao. Utaratibu huo uliitwa mlolongo. Malalamiko yaliyobaki nchini ni kwamba kuna mahali laini fupi ilitangazwa kuishinda laini ndefu. Mwalimu wangu wa hesabu hakulifundisha hilo.

Kisha ikaja laini ya simu, spishi ya ajabu kwa sababu haina urefu. Ni kadi ndogo kama ukucha. Inasajiliwa kwa kitambulisho, inafungwa, inapotea, inafufuliwa, na tangu M-Pesa ianze mwaka 2007 imekuwa pia mfuko wa suruali. Nilikuwa katika duka moja Mwatate alipoingia mama mmoja wa makamo.

"Mwanangu, laini yangu imekatika."

"Pole mama. Ya simu, ya stima au ya maji?"

Mama akaweka kikapu chini. "Zote."

Mhudumu hakucheka, maana lilikuwa swali la kitaalamu na limejibiwa kitaalamu.

Laini ya stima na ya maji sitazieleza. Tabia yao kuu ni kutokuwepo. Ya kinyozi, ile inayochongwa kwenye paji la uso, ni ya vijana na hudumu wiki moja. Ya matatu stendi ya Voi ni zamu: gari lililo kwenye laini halitoki mpaka lijae, hata ukihubiri.

Nimebakiza ugunduzi mmoja, na ndio ninaojivunia. Zile laini mbili, ya Mwarabu na ya Mwingereza, zimekutana. Zimekutana katika kitenzi kulainisha. Umepanga laini tangu asubuhi mbele ya dirisha la ofisi fulani, jua linakula kisogo, halafu anatokea kijana mwenye faili kwapani anakunong'oneza kwamba jambo lako laweza kulainishwa. Ukikubali, unapita mbele ya wote. Hivyo laini ya Mwarabu imeruka laini ya Mwingereza mchana kweupe. Wa nyuma yako wanaiona na kuielewa sarufi yake barabara, ndiyo maana wanapiga kelele.

Msomaji mwenye spishi niliyoisahau aniletee, nami nitaipa jina la kijiji chake. Atume ujumbe, asipige: kwangu laini hushika nikisimama chini ya mparachichi tu, tena upande wa Mwatate.