Kumi na Nne na Kumi na Tano

Kama nawe una shemeji anayejua kila kitu, vuta kiti, tuko wengi. Wangu tunamwita Najua. Ndiye aliyetuletea kutoka Kariakoo kile kibao cha namba: vipande 15 vya plastiki ndani ya fremu ya mraba, nafasi moja wazi, unavisukuma mpaka vikae kwa mpangilio. Tangu hapo chakula cha usiku nyumbani kwangu kinaiva kikitaka.

Mke wangu, Mama Neema, akikishika hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Mama mkwe, Bibi Haraka kama wajukuu wanavyomwita, anasukuma kwa kidole gumba, kwa nguvu za mtu anayekanda chapati. Neema mwenyewe, Wakili wetu, ndiye aliyewafundisha wote kumaliza mstari wa juu. Ukishapanga 1 na 2, usiiweke 3 mahali pake mapema, maana 4 itakutesa. Ipeleke 3 kwenye kona ya 4, 4 ikae chini yake, nafasi wazi ibaki penye nyumba ya 3. Kisha 3 kushoto, 4 juu, basi. Niliposikia kile kilio cha furaha cha Bibi Haraka mara ya kwanza, nilijua kwamba sijaona kitu cha bei ndogo kilichokalisha familia pamoja namna hii.

Ila tuna kitindamimba, Bisibisi. Huyu redio ameifungua, kitasa amekifungua, na miwani ya bibi yake anaivizia. Jioni moja kibao kikawakatalia wote. Vipande vinapangika vizuri mpaka 13, halafu mwisho zinakaa 15, 14. Najua akatangaza paja lake la kuku kwa atakayemaliza. Mama Neema akamshuku kaka yake kakivuruga, kaka akamshuku mama yao, na mimi nikaulizwa kwa nini nimekaa tu.

Wakili akakipeleka kibao kwenye taa. Pembeni mwa 15 kulikuwa na mkwaruzo mpya wa mpini wa kijiko. Bisibisi alikuwa amevichokonoa vipande vyote, akavirudisha anavyojua yeye.

"Basi haiwezekani," akasema. Akatueleza: tuseme miraba imepakwa rangi mbili kama ubao wa drafti. Kila ukisukuma, nafasi wazi inahama rangi. Ili irudi kwenye kona yake, lazima ihame mara ambazo idadi yake ni shufwa, na kila kuhama ni kubadilishana mahali na kipande kimoja. Lakini kubadilisha 14 na 15 peke yake ni badiliko moja, witiri. Shufwa na witiri hazikutani kamwe. Wanahisabati Johnson na Story walilithibitisha hilo mwaka 1879, katika jarida la hisabati la Marekani. Ukivichomoa vipande na kuvirudisha ovyo, nusu ya mipangilio yote, zaidi ya trilioni 10, haina njia ya kutokea.

Najua akakohoa. "Aliyeubuni mchezo huu, Sam Loyd, alitoa zawadi ya dola 1,000 kwa fumbo hilihili. Angetoa bure?"

"Mjomba, hakuubuni yeye. Alianza kudai hivyo mwaka 1891. Aliyeubuni ni Noyes Chapman, mkuu wa posta wa Canastota, kule New York, miaka ya 1870. Na hizo dola hakuna aliyezichukua, maana njia haipo."

Paja la kuku likarudi kwenye sahani ya mwenyewe upesi sana.

Nikaona tiba ni nyepesi. Nikachukua kijiko kilekile nichomoe 14 na 15, nizibadilishe, tukale. Nilikuwa nimeshaingiza mpini ukingoni mwa fremu mama mkwe aliponinyang'anya vyote viwili.

"Acha, mkwe wangu. Nimebakisha kidogo."

"Mama, Wakili amesema haiwezekani. Imethibitishwa tangu 1879."

"Mwaka 1879 mimi nilikuwa sijazaliwa," akajibu, akaanza upya na 1. Mama Neema akamsogelea kumshikia taa, Najua akamwelekeza asichoulizwa, na Bisibisi akapata nafasi ya kukikaribia kitasa cha kabati.